Mama Akipona Atanikumbuka

Nairobi,
14 Februari 1971

Kwako wifi Persis,

Usishtuke kuona mwandiko usioujua. Mimi ni Wakio, mke wa kaka yako Nehemiah, yule mwanamke Mtaita ambaye nasikia kwenu hatajwi mezani. Barua uliyomwandikia kaka yako ilifika wiki iliyopita. Aliisoma, akaikunja, akaenda kukaa nje mpaka chakula chake kikapoa. Nilipomlazimisha anisomee kwa Kiswahili, maana Kikisii changu kinaishia kwenye salamu, ndipo nikajua kwamba mama yenu alipotea njia akitoka kanisani, akakutwa amekaa kwenye shamba la chai la watu, na kwamba wewe binti yake alikuuliza, "Wewe ni wa nani?"

Nimesikitika sana, wifi. Najua ndoa yetu haikumpendeza, na kwamba alimwambia Nehemiah asikanyage kwenu Gesima mpaka aniache. Lakini ugonjwa ni ugonjwa. Mimi nafanya kazi katika duka la dawa hapa mjini. Tuna vidonge vya kuimarisha ubongo wa wazee. Kwenye chupa pana picha ya babu wa Kizungu anasoma gazeti bila miwani na anacheka. Wanaovinunua hurudi kuvinunua tena. Nimekutumia chupa mbili, pamoja na chupa ya mafuta ya samaki. Umpe asubuhi na jioni baada ya chakula.

Usimwambie vimetoka kwangu. Sema vimetoka kwa Nehemiah, au hospitali, au mbinguni, mradi ameze.

Ni mimi wifi yako usiyemjua,
Wakio


Gesima,
7 Machi 1971

Wifi yangu mpendwa,

Miaka mitano umenyamaza, halafu salamu yako ya kwanza ni mafuta ya samaki! Huku kwetu wifi huja na leso au sukari. Lakini nimekusamehe, kwa sababu umeandika kabla yangu, na mimi ndiye mwalimu.

Nikueleze hali. Mimi nimeolewa ng'ambo ya mto tu, mume wangu yuko kiwandani Itumbe, kwa hiyo nikitoka shule napita kwa Mama kila jioni. Siku nyingine ananijua, ananigombeza kama zamani, nami nafurahi kugombezwa. Siku nyingine ananikaribisha kama mgeni, ananiuliza nimetoka mbali kiasi gani. Mama alikuwa mwalimu wa Shule ya Sabato, wifi. Mafungu ya Biblia alikuwa anayatoa kichwani bila kufungua kitabu. Sasa anaanza fungu, katikati ananitazama kama aliyeangusha kitu.

Dawa zimefika salama na anameza vizuri kabisa. Nakushukuru sana. Mwambie kaka yangu aandike, asijifiche nyuma ya mke.

Jambo dogo: sisi mama tunamwita "baba" kwa lugha yetu. Nikisahau nikaandika hivyo, usianze kutafuta mwanamume.

Dada wa mume wako,
Persis Nyanchera


Nairobi,
9 Mei 1971

Wifi Persis,

Kusikia anameza vizuri kumenipa raha nisiyoweza kuieleza. Nehemiah naye amechangamka. Jana alinisimulia jinsi Mama alivyokuwa akimpiga kwa mwiko na kumwombea kwa wakati mmoja, akacheka mpaka akatoka machozi.

Nimetuma chupa nyingine tatu, kubwa zaidi. Niambie, ameanza kukumbuka? Wenye kutengeneza wameandika kwamba tofauti huonekana baada ya muda mfupi. Mimi sitaki sifa, nataka tu kujua.

Wako,
Wakio


Gesima,
20 Juni 1971

Wifi Wakio,

Ukweli ukidhihiri uongo hujitenga. Acha nikwambie, unikasirikie mara moja tuishe.

Mama hakumeza. Mafuta ya samaki aliyanusa tu, akauliza, "Hiki kimetoka kwa kiumbe?" Nikasema kimetoka kwa samaki. Akaniwekea chupa mkononi. Vidonge akavipokea kwa adabu, akaviweka chini ya ulimi, nami nikaenda zangu nimeridhika. Mwezi uliopita nikamkuta anawatemea kuku. Kuku wetu sasa hawapotei njia hata giza likiingia, lakini Mama hali yake imekuwa mbaya.

Amebadilika rangi, amepauka. Ulimi umekuwa mwekundu na laini, anasema unamwasha hata akila ndizi. Miguu inakufa ganzi. Ananiambia, "Persis, kwa nini mmetandika pamba njiani?" Juzi aliinjika chungu kitupu akaketi kungoja kichemke.

Unaweza kuuliza anakula nini. Anakula ugali wa wimbi, ndizi, maharagwe, mboga. Nyama, mayai na maziwa hagusi kabisa, ni miaka sasa. Hata chinsaga, ile mboga yetu chungu ambayo kila mtu huipika kwa maziwa ili ilainike, yeye anaila kwa maji na chumvi. Ni mambo ya dini tu.

Nisamehe kwa kukudanganya. Uliandika kwa furaha nikakosa moyo wa kuivunja.

Persis


Nairobi,
4 Julai 1971

Wifi,

Nilikasirika kuanzia dukani mpaka kituo cha basi, basi. Hasira zimekwisha.

Barua yako nimemsomea tajiri wangu, Bwana Mehta, mfamasia mwenyewe. Alinisikiliza akipanga chupa, lakini nilipofika kwenye ulimi na pamba ya njiani akaacha kazi. Akaniuliza tena anakula nini. Nikarudia. Akaenda mpaka mlangoni kuona kama kuna mteja, kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Wakio, vidonge vya yule babu wa gazeti vinanisaidia mimi kulipa kodi ya duka. Mzee anayesahau havimsaidii." Unajua nilivyojisikia? Nimeviuza kwa watoto wa watu wangapi, wakivibeba nyumbani kwa matumaini!

Anasema iko vitamini moja ambayo mtu huipata katika nyama, ini, mayai na maziwa, si katika mboga. Mwili huweka akiba ya miaka kadhaa. Akiba ikiisha, damu hupungua, miguu hufa ganzi, na akili nayo huyumba. Alinionya kwamba wazee wengi wanaosahau hawana ugonjwa huu, na hao hakuna chupa ya kuwarudisha. Na hata kama Mama anao, yaliyokwisha haribika huenda yasirudi yote. Lakini kuna sindano. Kwanza apimwe damu hospitalini, daktari aseme mwenyewe.

Sindano si chakula, wifi. Dini yake haikatazi. Ila kuna kitu sikielewi: Wasabato wa hapa Nairobi ninaowajua wanakunywa chai ya maziwa kama sisi Waanglikana. Mama amekatazwa na nani?

Nimeomba likizo Agosti. Nitakuja peke yangu. Nehemiah anasema mama yake alimkataza na yeye havunji neno lake. Mimi hakuniambia chochote, kwa hiyo sijakatazwa. Unipokee kwenye kituo cha basi Keroka. Utanijua kwa kuwa nitakuwa natetemeka.

Wakio


Nairobi,
29 Agosti 1971

Wifi yangu Persis,

Nimefika salama. Ndizi zilifika zimeiva zote, majirani wanakushukuru.

Sijui nikushukuruje kwa siku zile. Daktari wa kule hospitali alipotuambia kwamba damu ya Mama imepungukiwa kwa namna ileile aliyoisema Bwana Mehta, nilitaka kumkumbatia. Sindano ya kwanza Mama aliipokea bila kukunja uso, akamwombea muuguzi. Zilizobaki nitakuwa nazituma kwa basi kila mwezi, nawe umpeleke zahanati wamchome. Usikose hata moja.

Sasa kuna neno sikukwambia tulipokuwa pamoja. Ile siku ya mwisho ulipokwenda kuteka maji, ukaniacha naye uani. Ulikuwa umemwambia mimi ni muuguzi kutoka Nairobi, na tangu nifike alikuwa ananiita "msichana wangu". Nilikuwa nachambua maharagwe, akauchukua mkono wangu akaushika. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha soko la Keroka:

"Msichana wangu, wewe una roho nzuri. Mimi niko na mtoto Nairobi. Huyu alioa mwanamke siku ya Sabato. Siku ya Bwana! Huko bomani, hakuna maombi, hakuna watu yetu. Mimi nikaambia Mungu, maziwa sitakunywa, nyama sitakula, yai sitakula, mpaka mtoto aache huyo mwanamke."

Sikumwambia mimi ni nani, wifi. Ilikuwa kweli tuliandikishana Jumamosi, kwa sababu ndiyo siku Nehemiah aliyopewa ruhusa kazini, na mimi sikujua kwamba siku hiyo ina uzito gani kwenu. Mkono wangu ulikuwa bado mkononi mwake. Nikamwuliza, "Na bado unangoja?" Akafikiri sana. Akasema, "Bado. Lakini jina ya huyo mwanamke imenipotea."

Halafu akaniuliza kama nina mama. Nikamwambia alifariki nikiwa mdogo. Akasema, "Basi ita mimi mama." Nikamwita "baba", kama ulivyonifundisha. Aliitika. Hakuniachia mkono mpaka uliporudi na mtungi.

Kwa hiyo si dini, Persis. Ni mimi. Miguu yake, ulimi wake, kupotea kwake njiani, yote yamempata kwa ajili yangu. Ulijua?

Wakio


Gesima,
12 Septemba 1971

Wakio,

Nilijua. Sote hapa nyumbani tunajua, alitutangazia tukiwa tumeketi, siku barua ya harusi yenu ilipofika. Ningekwambiaje? Mtu anatuma dawa kutoka mbali, nami nimwandikie kwamba ugonjwa wenyewe ni yeye? Nikasema nifunike, labda vidonge vitafanya kazi na wewe hutajua kamwe.

Na si wewe, usijibebeshe. Hukumwambia mtu aache maziwa. Aliyefanya nadhiri ni yeye, kwa hasira, na aliyekosa ujasiri wa kuja kumtazama machoni ni kaka yangu. Mwambie nimesema hivyo.

Tazama, nina habari njema. Ulimi umepoa. Ametembea hadi kwa jirani yetu Eucabeth na kurudi peke yake. Na kila siku ananiuliza, "Msichana wangu wa Nairobi anarudi lini?" Nikimwambia Desemba anafurahi, kesho yake ananiuliza tena.

Persis


Nairobi,
31 Oktoba 1971

Wifi,

Nimetuma boksi la Novemba. Nehemiah nilimpa salamu zako. Kesho yake alikuwa wa kwanza kuamka kulipeleka boksi kwenye basi.

Desemba sitapata likizo, duka lina kazi nyingi. Mwambie Mama msichana wake hajamsahau. Nimemnunulia sweta, imo ndani ya boksi. Kila nikipata mahali pa kukaa kimya, huwa nausikia ule mkono. Unaweza kucheka.

Wakio


Gesima,
23 Januari 1972

Wifi yangu,

Sijui nianzie wapi, basi nianzie kwenye furaha. Mama amerudi. Jana kanisani alisimama, akasema Zaburi nzima bila kukosea, akina mama wakalia. Majina ya wajukuu anayajua, ya ng'ombe anayajua, na deni la kila jirani aliyewahi kuazima chumvi analijua. Miguu bado ina ganzi kidogo, na usiku hutembea kwa fimbo. Daktari anasema hapo huenda ndipo mwisho. Lakini kichwa ni cha Mama Bosibori mwenyewe.

Tukitoka kanisani akaniuliza, "Nehemiah bado yuko na yule mwanamke wa Sabato?" Sauti ilikuwa ileile ya miaka sita iliyopita. Nikasema yuko naye. Akasema, "Basi nami bado niko na nadhiri yangu."

Nikamwambia, mbona msichana wako wa Nairobi, yule aliyekushika mkono uani, ulikuwa unamngoja Desemba? Akanitazama. "Msichana gani?"

Wakio, hakumbuki hata kidogo. Miezi ile ya ugonjwa imefutika. Nilimwonyesha sweta, akasema ni nzuri, nani ameileta?

Sikulala. Kuna jambo nimelifikiri na naona aibu kuliandika, lakini nitaliandika. Daktari alituambia kwamba sindano zikikatika, atarudi polepole kule alikokuwa. Alipokuwa kule alikupenda. Alikuwa mpole, na kaka yangu angeweza kuja, na wewe ungeingia nyumba hii kama mtoto. Sasa amepona na chuki yake imepona pamoja naye. Boksi likichelewa barabarani, nani ataulizwa?

Ni mama yangu na nampenda. Ndiyo sababu nakuuliza wewe.

Persis


Nairobi,
30 Januari 1972

Persis,

Boksi hili ni la miezi miwili. Nimenunua sindano nyingi, ili hata boksi lijalo likichelewa barabarani Mama asikose.

Barua yako niliichoma. Nilikasirika kwa sababu mimi nililiwaza hilo kabla yako. Siku Bwana Mehta aliponieleza sindano inarudisha nini, nikiwa bado sijawahi kumwona Mama, nilijua kwamba akipona atanikumbuka. Na baada ya kurudi huko nililiwaza tena, kila nilipofunga boksi. Nimelia hapa dukani nyuma ya makabati, Bwana Mehta akajifanya anahesabu makopo ya maziwa ya watoto.

Nilitaka mama, Persis. Nilimpata kwa siku chache na nikampenda. Lakini yule aliyenishika mkono hakujua ameshika mkono wa nani. Nikimwacha aanguke tena ili anishike, nitakuwa nimemwibia watoto wake, Zaburi zake, na hata hasira yake, ambayo ni haki yake. Mimi ningemtazamaje?

Mchome sindano. Usimwambie zinatoka kwa nani, asije akazikataa. Akinichukia, acha anichukie akiwa na afya.

Wifi yako bado,
Wakio


Gesima,
16 Aprili 1972

Kwa mke wa Nehemiah,

Anayeandika ni Persis, kwa Kiswahili chake cha shule, lakini anayesema ni mimi Bosibori. Nimemwambia asitie sukari. Nikimaliza ataisoma yote kwa sauti nione kama ameiba neno.

Mwezi uliopita yule kijana wa zahanati aliniambia, "Mama una bahati, mkwe wako wa Nairobi hakosi kutuma dawa." Nikauliza mkwe yupi. Akaona amekosea, lakini nilikuwa nimesikia. Nikashusha mkono wa gauni nikaenda nyumbani bila sindano. Nilikaa nimekasirika. Nikasema, huyu alichukua mtoto, sasa amechukua na damu yangu.

Nikamwita Persis nikamwambia aseme yote, na Persis hawezi kunidanganya nikiwa na akili. Akasema. Habari ya kuku nilicheka kidogo. Habari ya uani sikucheka. Akaniambia nilikueleza nadhiri yangu usoni pako, na kwamba ulinyamaza, ukarudi Nairobi, ukatuma dawa. Nikamwuliza, "Alijua kwamba nikipona nitakumbuka yeye ni nani?" Akasema ulijua. Nikamwuliza mara ya pili. Akasema, "Alijua, Mama, aliniandikia."

Kesho yake nilirudi zahanati mwenyewe, nikampa kijana mkono.

Usidhani nimeshangilia. Siku ya Sabato ni siku ya Bwana, na mlimkosea, na mtamwomba msamaha wake yeye, si wangu. Lakini nami nimekwenda kwa mchungaji nikamwambia niliweka nadhiri ya kuvunja nyumba ya mtu. Akaniuliza kama Mungu ndiye aliyeiomba. Nikaona haya. Tumeomba pamoja. Maziwa bado sijanywa. Hilo nitalizoea polepole.

Mwambie mwanangu lile neno la kutokanyaga nimeliondoa. Aje, na wewe uje. Msisafiri Jumamosi.

Persis anasema nilikushika mkono mpaka akarudi kutoka mtoni, na kwamba nilikuambia uniite mama. Sina hata chembe ya siku hiyo kichwani. Nimejaribu usiku na mchana, haiji, na daktari anasema haitakuja. Sipendi watu wengine wajue jambo langu ambalo mimi silijui.

Njoo ukae nami pale uani, nione nilimpenda nani.

Bosibori